Uzi wa Chupa Mtaa wa Mafia

Bawa lenyewe lilikuwa dogo, jeusi, la plastiki, halizidi urefu wa kijiko cha chai. Lilikuwa limetua juu ya fungu la blauzi za mtumba za Candida, kona ya Mtaa wa Mafia, na Candida alikuwa amelitunza siku tatu ndani ya kopo la maziwa akimngoja mwenyewe aje kuomba radhi. Mwenyewe hakuja. Alikuja Inspekta Zamda.

"Wewe ndiye uliyelidondosha?" Candida aliuliza bila kuinuka.

"Mimi ni polisi, dada."

"Sijakuuliza kazi."

Inspekta Zamda Mwinchumu alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na alishajifunza kwamba mfanyabiashara wa Kariakoo hajibu swali mpaka awe amemaliza yake. Akavuta ndoo iliyopinduliwa, akaketi, akaacha blauzi mbili zichaguliwe na kurudishwa na wateja. Kazi iliyomleta ilianza Jumapili. Binti mmoja, Ummy Abbasi, rubani wa droni iliyokuwa ikipiga picha bonde la Jangwani, alifika kituoni kuripoti kwamba ndege yake imepotea. Upepo uliichukua, alisema, ikaangukia bondeni. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kumbukumbu yenye picha za siku nne: kila paa, kila mtaro, kila kichochoro ambacho maji ya masika yangepita. Ramani ilitakiwa ofisi ya kata Ijumaa, ili watu wajue nani ahamishwe kwanza. Leo ilikuwa Jumatano, na tangu alfajiri mawingu yalikuwa yamekaa upande wa bahari yakiangalia mji.

Askari walichakura bonde siku mbili. Walipata viatu visivyo na wenzake, jokofu bovu na mbuzi aliyekuwa hajulikani ni wa nani. Droni hawakuipata. Ndipo mbeba mizigo mmoja akamwambia Zamda, akicheka, kwamba kuna mama wa mitumba kaangukiwa na pangaboi kutoka mbinguni.

"Ilikuwa saa ngapi?" Zamda aliuliza.

"Muuza kahawa alikuwa ameshapita mara ya pili. Saa nne na nusu, tuseme." Candida akanyoosha kidole kilichofungwa kitambaa. "Na huu uzi ulikuwa umejiviringisha hapo kwenye bawa. Nimeushika tu, umenichana kama wembe. Sasa niambie, lingemwangukia mteja kichwani?"

"Ndiyo maana kuna sheria ya vyombo hivi."

"Sheria ilikuwa wapi wakati linashuka?"

Zamda alinyoosha mkono. Akafungua kopo. Uzi ulikuwa na rangi ya waridi, hauzidi shubiri mbili, mgumu, unakwaruza.

"Siku ile upepo ulitoka wapi?"

"Baharini. Blauzi zangu zilikuwa zinanikimbilia upande wa Msimbazi, kule bondeni, nimezifukuza mpaka nimechoka."

Zamda akainua macho. Upepo wa baharini unasukuma kitu kuelekea bondeni, haukirudishi mjini. Na kutoka hapa hadi ukingo wa bonde ni mita mia nne, pengine zaidi. Kulia kwake kulikuwa na jengo la ghorofa tisa lenye vioo vya buluu. Kushoto kulikuwa na jengo moja la zamani la ghorofa tatu, limebanwa kama abiria wa katikati, na juu ya mlango wake mwaka 1956 umechongwa kwenye saruji. Akaweka bawa na uzi ndani ya bahasha ya vielelezo, akaandika saa na jina.

"Akija mwenyewe, nimwambie nini?" Candida aliuliza.

"Mwambie anisubiri na mimi."

*

Mkuu wa upelelezi alikuwa na maoni yake. Kwake droni iliyoonekana Kariakoo ilikuwa jicho la majambazi, na masonara walikuwa mtaa wa pili tu. Alitaka jalada zito. Zamda akampa heshima yake, kisha akaenda Mtaa wa Aggrey kwa Bushiri, fundi wa simu na kamera, kwa sababu kitu chochote chenye betri kikipotea Dar es Salaam, Bushiri hukiona kabla ya polisi.

Alipoingia tu akaiona. Ndani ya kabati la kioo, kati ya spika mbili, ilikuwepo droni ya kijivu, aina ileile, rangi ileile.

"Mambo, Bushiri."

"Poa, afande," Bushiri alisema, lakini uso wake haukuwa poa hata kidogo.

"Hiyo ya kijivu. Itoe."

"Ya mteja hiyo. Ya harusi. Siku hizi bibi harusi hakubali kuolewa bila kuonekana kutoka juu."

"Itoe."

Zamda aliigeuza. Mabawa yalikuwa yote, mapya, hayana mkwaruzo. Namba ya kiwandani chini ya tumbo haikufanana na ile aliyoiandika kwenye daftari. Lakini mahali pa kibandiko cha usajili palikuwa peupe kama sahani iliyooshwa.

"Imesajiliwa wapi?"

"Tulikuwa tunajiandaa…"

"Jiandaeni kesho asubuhi, kabla ya harusi. Na rubani wake awe na kibali. Nikiisikia inavuma juu ya watu bila karatasi, bibi harusi atakuja kuonekana kituoni." Akairudisha. Haikuwa yenyewe, na nusu saa ilikuwa imeteketea. "Sasa niambie huu ni mshipi wa samaki wa wapi."

Bushiri akafurahi kubadilisha mazungumzo. Akavaa miwani yake ya ufundi, akausogeza uzi kwenye taa, akaupitisha kwenye ulimi kidogo, akatema.

"Huu si mshipi. Umepakwa chupa."

"Chupa?"

"Chupa imetwangwa mpaka unga, ikachanganywa na gundi ya wali na rangi, uzi ukapakwa, ukaanikwa. Uzi wa tiara, afande. Wahindi wanarusha tiara mwezi wa kwanza juu ya mapaa, na mchezo wenyewe ni kukatana. Mwenye uzi mkali anakata wa mwenzake." Akauinua tena. "Lakini siku hizi wananunua wa nailoni kwenye kigurudumu, umetoka huko nje tayari. Huu ni wa pamba, umepakwa kwa mkono. Wanaojua kupaka hivi wamebaki kuhesabika."

"Na huu ni mwezi wa tatu."

"Ndiyo hapo na mimi nimeshangaa."

*

Ummy alifika kituoni saa nane mchana, begi mgongoni, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Kibali kipo?"

Kibali kilikuwepo. Kurasa kumi na moja: mamlaka ya usafiri wa anga, wizara ya ulinzi, manispaa, kata, bima. Zamda aliolewa kwa karatasi chache kuliko hizo.

"Nisomee mipaka."

Ummy alisoma kwa sauti ya darasani. Bonde la Jangwani peke yake. Kimo kisizidi mita mia moja na ishirini. Saa tatu hadi saa tano asubuhi. Asipite juu ya mkusanyiko wa watu. Asipige picha ya mtu kwenye makazi yake bila ridhaa yake.

"Mara ya mwisho uliiona wapi?"

"Karibu na daraja. Upepo ukaichukua."

Zamda akaweka bawa juu ya meza. Ummy aliliangalia kama mtu anayeona kiatu cha ndugu yake barabarani.

"Hili limeangukia blauzi za mtu Mtaa wa Mafia," Zamda alisema. "Upepo ulikuwa wa baharini. Kwa hiyo ndege yako ilipanda upepo, ikavuka mita mia nne nje ya mstari, yenyewe. Washa rimoti yako."

"Afande…"

"Washa."

Kumbukumbu ya safari ikajitokeza kwenye kioo, mistari ya njano juu ya ramani. Bondeni mistari ilikwenda na kurudi kama ya jembe shambani. Lakini Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, saa nne na nusu, mstari mmoja ulichomoka, ukaenda moja kwa moja Mtaa wa Mafia, ukasimama juu ya nukta moja dakika nne.

"Kimo?"

"Mita ishirini na tano," Ummy alisema kwa sauti ndogo.

"Hapo unaona mpaka sukari kwenye kikombe. Nani amekutuma? Mkuu wangu anasema masonara."

"Hakuna masonara pale. Baba ndiye aliyenituma."

Basi ikatoka yote. Baba yake, Mzee Abbasi, alikuwa Ilala, kitandani, mwezi wa kumi na nne sasa tangu kiharusi kimwangushe. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Alizaliwa Mtaa wa Mafia, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na ua katikati. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na Kariakoo ilipoanza kupandishwa ghorofa, warithi wakaiuza, na pale ndipo liliposimama lile jengo la vioo vya buluu. Katika miezi kumi na minne hakuomba daktari mwingine wala chakula maalumu. Aliomba kitu kimoja: niangalizie mtaa wetu.

"Nikampigia picha Ijumaa, nikamwonyesha usiku. Akaniambia nisimamishe kwenye lile jengo la zamani. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kihindi juu ya paa, amekaa kwenye kiti. Baba akaangalia muda mrefu. Akasema, kesho ukifika pale yumbisha ndege mara mbili kushoto, mara moja kulia. Basi."

"Maana yake nini?"

"Hakuniambia. Tangu augue, maneno anayahesabu. Jumamosi nikayumbisha. Yule mzee akainuka ghafla mpaka kiti kikaanguka. Jumapili nikayumbisha tena. Nilikuwa naangalia asilimia ya betri, nikaona kitu chekundu kinapita, kioo kikawa cheupe."

"Kwa nini ulisema bondeni?"

Ummy alijifuta uso kwa kiganja. "Nikisema nilitoka nje ya mstari, kibali kinafutwa. Na wa bonde ni mimi peke yangu mwenye kibali. Mwaka jana maji yaliingia watu wakiwa wamelala, afande. Wanajua yanakuja, hawajui yanapita wapi. Picha zote ziko kwenye ile kadi."

Zamda alikunja zile karatasi kumi na moja taratibu. Kosa lilikuwa kosa. Mtu aliyekaa juu ya paa lake ana haki ya kutopigwa picha, hata kama anayempiga ana baba mgonjwa.

"Utaiandikia mamlaka wewe mwenyewe," alisema. "Leo. Siku tatu, saa, kimo, na sababu. Usiirembe. Wakikufutia, wamekufutia. Wakisikia kutoka kwako kwanza, pengine watakusikiliza."

"Na kadi?"

"Kadi tunaifuata."

*

Ngazi za jengo la 1956 zilikuwa nyembamba na hazina lifti. Ghorofa ya pili Zamda alipokewa na Charmi, mkwe wa nyumba, mikono ina unga mpaka viwikoni.

"Baba mkwe yuko juu," alisema. "Tangu Jumapili hashuki. Chakula juu, gazeti juu. Na ananilazimisha nimtengenezee kashata za ufuta. Mwezi wa tatu! Hizo ni za Januari, za siku ya tiara. Namwuliza, zinamngoja nani? Anasema, wewe tengeneza tu."

Zamda alipanda peke yake. Paa lilikuwa la zege, safi, limefagiliwa. Mzee Devendra alikaa kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, nywele zimechanwa kwa mafuta, amejiandaa kama mtu mwenye mgeni. Pembeni yake palikuwa na chupa ya chai, sahani iliyofunikwa, na vikombe viwili. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa na plasta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama, akatazama nyuma yake mlangoni kuona kama kuna mwingine anapanda. Hakukuwa na mtu. Uso wake ukashuka.

"Natafuta droni, mzee. Ilipotea Jumapili."

"Droni? Mimi siku hizi hata kunguru siwaoni vizuri."

"Kidole kimefanya nini?"

"Kisu."

"Kisu kinakata juu ya ngozi. Hicho kidonda kiko ndani ya kiungo cha kwanza, mahali uzi unapopita ukivutwa." Zamda aliketi ukingoni, bahasha mkononi. "Kuna kikombe cha pili hapo na hakuna anayekaa na wewe. Kuna kashata za Januari. Kuna uzi wa pamba wa rangi ya waridi, umepakwa kwa gundi ya wali, na fundi mzima wa Aggrey ananiambia wanaojua kuupaka wamebaki kuhesabika. Unamngoja nani, mzee?"

Chini mtaani mtu alikuwa anapigia kelele gari lirudi nyuma, lirudi, lirudi, basi.

"Mwenyewe," Devendra alisema hatimaye.

"Mwenye droni anaitwa Ummy. Yuko kituoni."

"Huyo ni rubani. Mimi nasema mwenyewe."

Akainuka kwa shida, akaenda kwenye kibanda cha tangi la maji, akarudi na furushi la shali nene ya hudhurungi. Ndani yake mlikuwa na droni, bawa moja halipo, uzi wa waridi umeisokota miguu. Na chini yake, bapa, imehifadhiwa ndani ya gazeti la zamani, tiara ya karatasi ya kijani iliyofifia.

"Umesoma sheria za hivi vidude," Devendra alisema. "Na sisi tulikuwa na ya kwetu. Mimi nilirusha kutoka hapa juu, Abbasi alirusha kutoka uani kwao, pale chini penye vioo. Tangu wadogo mpaka watu wazima wenye ndevu, wake zetu wanatucheka. Anayekatwa, tiara yake inabaki kwa aliyemkata. Akiitaka, apande mwenyewe kuiomba. Akipanda anapewa chai na kashata, anacheka na kuchekwa, anarudishiwa. Anayekata hamfuati aliyekatwa. Ndiyo sheria."

"Na hii ya kijani?"

"Ya mwisho. Januari ile, kabla nyumba yao haijavunjwa. Nilimkata saa kumi jioni. Nikaweka chai." Aligusa karatasi kwa kidole chenye plasta. "Chai ikapoa. Hakupanda. Mwezi uliofuata wakaja wavunjaji. Nikasema ameona aibu kwa sababu ya nyumba, atakuja. Leo, kesho. Leo, kesho. Miaka ishirini na sita, mwanangu."

"Yuko Ilala, mzee. Dakika ishirini na tano kwa miguu."

"Najua ni dakika ngapi."

Alisema hivyo kwa ukali, kisha ukali wenyewe ukamwishia mdomoni. Zamda aliangalia pembeni, akampa nafasi.

"Jumamosi nimekaa hapa," Devendra aliendelea, "nikasikia kinavuma. Nikainua kichwa. Kikayumba mara mbili kushoto, mara moja kulia. Unajua huo ni nini? Huo ni mwito wake. Alikuwa akiyumbisha tiara yake hivyo kunambia, Devu, panda juu, upepo umekuja. Usiku ule sikulala. Nilisaga chupa kwenye kinu cha Charmi, nikapika gundi, nikapaka uzi kwa vidole hivi vinavyotetemeka. Jumapili kikaja tena, kikaniita. Nikarusha tiara yangu nyekundu, nikamjibu."

"Ulijua ni ndege ya kupima mafuriko?"

"Nilijua ni ya Abbasi."

Hapo ndipo kesi nzima ilipokuwa, na Zamda alijua hakuna fomu ya kituoni yenye nafasi ya kuiandika.

"Mzee wangu, nisikilize," alisema. "Hiki ulichofanya ni kosa, tena zito. Hiki ni chombo cha angani kama ndege nyingine, na kukiangusha ni kosa hata kama ni kidogo. Bawa lilianguka mtaani. Kuna mama uzi wako umemchana kidole."

"Nani?"

"Candida, wa mitumba."

"Candida?" Mzee alishtuka kweli. "Ananisalimia kila asubuhi."

"Na ndani ya hicho chombo kuna picha za Jangwani ambazo watu wanazisubiri kabla ya mvua. Nipe niondoke nacho."

Devendra aliikumbatia droni na shali yake. "Siwakatalii watu wa bondeni. Lakini aje aichukue. Apande mara moja tu. Nimeshaweka chai."

"Hawezi kupanda ngazi."

"Kwa nini hawezi?"

"Kiharusi. Mwezi wa kumi na nne. Mguu wa kushoto na mkono wa kushoto."

Mzee alirudi kwenye kiti chake polepole, akakaa. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya bandari, na harufu ya mvua ilikuwa imeanza kuingia mjini.

"Mkono wa kushoto ndio aliokuwa anashikia uzi," alisema.

Zamda alisubiri. Kazi ya upelelezi, nusu yake ni hiyo.

"Mimi nimekaa juu hapa namlaumu kwamba hapandi," Devendra alisema tena, na sasa alilia waziwazi, bila kujificha, machozi yakipita kwenye mikunjo ya mashavu. "Namlaumu, na yeye hana miguu. Akanitumia hiki kinachoruka kije kunitafuta, na mimi nimekikata nikakaa kumsubiri." Akageuka mlangoni, akaita kwa sauti iliyokuwa haijatumika siku nyingi: "Charmi! Viatu vyangu!"

*

Kielelezo kilipelekwa Ilala kimepakatwa na mtuhumiwa, jambo ambalo Zamda aliamua kutoliandika. Kwanza walisimama kwenye kona. Devendra aliteremka, akaweka kashata nne ndani ya karatasi juu ya blauzi, akaunganisha viganja, akaomba radhi. Candida alimtazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Kumbe ni wewe, babu? Siku zote namwazia jambazi." Akamega kashata, akaitafuna. "Haya. Lakini usirudie."

Ummy aliwasubiri mlangoni kwao, barua ya mamlaka mkononi, ameshaiandika. Zamda alifungua kifuniko cha tumbo la droni, akachomoa kadi ndogo kama ukucha, akampa mbele ya Devendra awe shahidi. Ummy aliishika kwa mikono miwili.

"Nitajua lini kama wamenifutia?"

"Kesho kutwa, pengine. Leo bado kibali ni chako. Nenda kachore ramani."

Ummy aliondoka anakimbia, matone ya kwanza yakimpata begani.

Chumba kilikuwa kidogo, kina kitanda, kigoda, na dirisha linalotazama ukuta. Mzee Abbasi alikuwa amelazwa ameinuliwa kwa mito miwili. Aliposikia hatua aligeuza kichwa, na kile kilichoupata uso wake, nusu iliyo hai na nusu isiyo hai, Zamda alishindwa kukitazama sana. Akabaki mlangoni.

Devendra hakusalimia. Alivuta kigoda, akakaa, akaweka tiara ya kijani juu ya shuka. Kisha akaweka droni juu yake, na uzi wake wa waridi bado umeisokota.

Abbasi aliinua mkono wa kulia. Akafuata uzi kwa kidole, kutoka mguu mmoja wa droni hadi mwingine, taratibu, kama anasoma.

"Umekata kwa chini," alisema. Maneno yalimtoka moja moja.

"Kama kawaida." Ubishi wa Devendra ulikuwa mzima. "Na wewe hujajifunza. Nimekwambia mara ngapi, ukishaguswa usivute, achia uzi! Miaka yote hii bado hujui kuachia uzi?"

Abbasi akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mkono wake uliiacha droni, ukapapasa juu ya shuka mpaka ukakipata kile kidole chenye plasta, ukakishika.

"Safari hii sikuwa na uzi, Devu."